Sauti ya Mgao

Kadi za kupigia kura zilimwagwa mezani, na Inspekta Nurudini alikuwa amezitazama kwa muda mrefu kuliko alivyomtazama mtu aliyekutwa nazo.

Mtu huyo aliitwa Nkunzimana, mkulima wa mihogo kutoka kitongoji kimoja cha Nyakitonto. Mgambo walimsimamisha barabarani akiwa na mfuko wa salfeti begani, wakaufungua wakitarajia mkaa usio na kibali. Badala ya mkaa wakakuta kadi za kitongoji kizima, na uchaguzi mdogo wa diwani ulikuwa keshokutwa. Kituoni Kasulu kila mtu alishatoa hukumu yake: huyu ni wakala wa kununua kadi ili watu wasipige kura. Kilichobaki ni kujua anamfanyia kazi nani, chama cha Mzinga au chama cha Ngoma, maana wagombea walikuwa wawili tu na kila upande ulikuwa umeshapiga simu kuusingizia mwingine.

Mkuu wa polisi wa wilaya, ambaye wote walimwita OCD, aliingia na hakuketi.

"Jalada liende kwa mwendesha mashtaka kesho mchana," alisema. "Kukutwa na kadi za watu ni kosa, Nurudini, na mwenyewe hakani kwamba amekutwa nazo. Halafu huyu ni raia wa juzi. Wazazi wake walikuja wakimbizi kutoka Burundi. Wapo wakubwa wanaoanza kuuliza uraia alipewaje."

"Nipe mpaka kesho asubuhi, afande."

"Kuna nini usichokielewa?"

"Mafundo."

OCD akainama. Kadi zilifungwa kwa kamba za mgomba, fundo baada ya fundo, na mafundo hayakulingana. Juu kabisa zilikuwa kadi moja moja. Chini yake mbili mbili, kisha tatu tatu, na chini kabisa mafungu manene. Nurudini alikuwa amefungua machache na kusoma majina. Kila fungu lilikuwa la nyumba moja: baba, mama, na watoto waliokwisha kuwa watu wazima.

"Mnunuzi wa kadi anazitia mfukoni na kukimbia," Nurudini alisema. "Kwa nini ajisumbue kujua nani anakula chungu kimoja na nani?"

"Labda ni mnunuzi nadhifu," OCD akajibu, akatoka.

Nkunzimana aliletwa akiwa ameshika suruali kiunoni, maana mkanda walikuwa wamemvua. Nurudini alimpa kiti na kumsomea onyo kama sheria inavyotaka, polepole, mpaka alipohakikisha limeeleweka.

"Kadi ulizinunua?"

"Oya, hapana, afande. Sikununua. Walinipa wenyewe."

"Ulikuwa unazipeleka wapi?"

"Kwenye kura."

"Kura ni keshokutwa."

"Ndiyo. Mkuu hutangulia. Anayechelewa anapata makombo."

Nurudini aliacha kuandika. Alikuwa amesikia mengi kuhusu kura katika kazi yake, ila makombo yake hakuwahi kuyasikia.

"Wewe ni mkuu wa nini?"

"Wa kikundi."

"Kikundi cha chama gani?"

Nkunzimana akafungua mdomo, akaufunga. Tangu hapo hakusema tena. Nurudini alimjua mtu anayeficha kosa na alimjua mtu anayeficha aibu, na huyu hakuwa mmoja wao. Huyu aliliogopa neno fulani, na alikuwa tayari kwenda jela nalo likiwa kinywani.

---

Nurudini alikwenda kitongojini na Sajini Bazilio, mtu wa Heru Juu aliyekuwa akihesabu miezi ya kustaafu kwake. Njia nzima alimtania mkubwa wake kwamba watu wa Ujiji kama yeye wakiona mlima hudhani ni ziwa lililosimama. Nurudini alimwacha afurahi. Alikuwa anamhitaji kwa Kiha chake.

Mke wa Nkunzimana, Epifania, alikuwa uani akimenya mihogo. Alijibu salamu bila kuinua kisu.

"Kadi ya mumeo tumeikuta," Nurudini alisema. "Yako haimo."

Epifania alifungua fundo la kitenge kiunoni na kutoa kadi yake. "Hii hapa."

"Wenzako wote wamempa. Wewe mkewe hukumpa. Kwa nini?"

"Mimi huenda mwenyewe. Nimezoea."

Akarudi kwenye mihogo yake. Bazilio alimvuta Nurudini pembeni ya migomba.

"Afande, huyu alijua ni kosa. Amemwachia mumewe aende jela peke yake. Wanawake wa huku si wa kuchezea."

Neno hilo lilikaa vizuri, na kwa muda Nurudini alikaribia kukubali. Kama mke alijua, basi mume alijua, na kesi ya OCD ilikuwa imenyooka. Alijisikia vibaya, kwa sababu alikuwa ameanza kumpenda yule mtu wa makombo. Akaenda kwa jirani, mzee Niyonkuru, aliyekaa kwenye kigoda akisuka ungo.

"Mzee, kadi yako uliiuza?"

"Nani anaweza kuinunua? Nilimpa Nkunzimana akanipigie."

"Akupigie kwa nani? Wagombea unawajua?"

"Tunampa yule mama."

"Mama gani? Wagombea wote ni wanaume."

Mzee akamtazama kwa huruma, namna mtu anavyomtazama mgeni aliyepotea njia ya wazi. "Yule wa kwenye gari lenye picha ya mzinga."

"Yule ni mtangazaji tu, mzee. Mgombea ni mwanaume mwenye ndevu. Picha yake imebandikwa ubavuni mwa gari."

"Wa ndevu simjui. Yule mama namjua. Hana maneno mengi. Akisema leo kipo, leo kipo."

Nurudini aliuliza nyumba tano, sita. Hakuna aliyejua diwani anafanya kazi gani wala wagombea wamesema nini kuhusu daraja lililobomoka. Gari la Ngoma lilipita, watu wakatoka kucheza, ngoma ilipokwisha wakarudi shambani. Gari la Mzinga lilipita na yule mama, na wakatoa kadi.

"Twende Kibondo," alimwambia Bazilio. "Nataka kumsikia huyo mama."

---

Meneja wa kampeni ya Mzinga aliishi Kibondo mjini na jina lake lilikuwa Saady. Alikuwa mwembamba, msafi, mwenye simu mbili mezani, zote zimelazwa kifudifudi. Nurudini alipotaja kadi aliinuka.

"Mimi ninunue kadi Nyakitonto? Kule nimeshashinda, Inspekta. Ukinunua kadi unazuia kura, sasa nizuie kura zangu mwenyewe? Gari langu likipita pale watu wanasimama wima mashambani. Waulize Ngoma, wao ndio wenye sababu."

Hilo nalo lilikaa vizuri. Nurudini alianza kuchoka na maneno yanayokaa vizuri.

"Nisikilizishe tangazo lako."

Wakatoka hadi kwenye gari. Spika zilikoroma, kisha ikaja sauti ya mwanamke, tulivu, yenye lafudhi ya Kongo: *Wapendwa, asubuhi njema. Kadi mkononi. Kikundi kwa kikundi, mkuu atangulie. Anayechelewa asilalamike.* Papo hapo vinanda vikalipuka na sauti nene ya mwanaume ikaanza kuusifu Mzinga.

"Rudia," Nurudini akasema. Na tena. Mara ya tatu aliweka sikio kwenye spika kabisa.

"Saady, mashine ya kusaga ilizimwa na nani?"

"Mashine gani?"

"Huyu mama anazungumza na nyuma yake mashine ya kusaga inanguruma. Akifika 'asilalamike,' mashine inakatika kabla hajavuta pumzi. Huyu hakurekodiwa na wewe. Umemkata mahali ukambandika hapa."

Saady akatazama barabarani, kama aliyetarajia msaada kutoka huko. Hakukuwa na mtu ila mbuzi wa jirani. Mwishowe akakaa kwenye ngazi ya gari na kusema. Sauti aliipata kwa kijana anayeuza nyimbo sokoni, ambaye naye aliipata kwenye simu ya mtu aliyewahi kuishi kambi ya Nyarugusu. Ilikuwa sauti ya mama aliyekuwa akitangaza siku za mgao wa chakula.

"Nilitafuta sauti ambayo watu wakiisikia hawaulizi," alisema.

"Na maneno yake? Hukuwaza yatawaambia nini?"

"Inspekta, nikueleze ukweli. Tangazo si la kumwambia mtu kitu. Ni la kumfanya ageuke. Akishageuka, wimbo unamaliza."

Nurudini alitamani sana kumkasirikia kwa mujibu wa sheria, lakini kifungu hakikumjia haraka. Akamwamuru aliegeshe gari mpaka atakapoitwa, akachukua nakala ya tangazo, akaondoka. Barabarani Bazilio hakutania tena.

"Mgao," alisema. "Makombo. Mkuu wa kikundi. Afande, hawa wameishi kambini."

"Kambi ndilo neno Nkunzimana analoliogopa," Nurudini akajibu.

---

Huwezi kuingia Nyarugusu kama unavyoingia sokoni. Walipitia kwanza ofisi ya mkuu wa kambi, wakaeleza shida yao, wakapewa mtu wa kuwaongoza hadi kwa Antoinette. Alikuwa mwanamke mnene wa makamo, anakaanga mandazi mbele ya nyumba yake. Nurudini alipomtajia Nkunzimana na kumchezea tangazo kwenye simu, kijiko kilimponyoka kikazama kwenye mafuta.

"Ile sauti ni yangu," alisema. "Lakini ile muziki siijue. Papa, mimi siko mutu wa politike. Mkimbizi hana ruhusa. Bakisema nimefanya kampeni, batanipeleka wapi?"

"Hakuna anayekupeleka popote, mama. Nimesikia mashine ya kusaga nyuma yako."

"Ya kwa Kalunga," alisema mara moja. "Ilikuwa pembeni ya pale tulikuwa tunagawa. Nilikuwa namwambia kila siku, Kalunga, zima, batu hawanisikie. Hazimi. Ile mashine ilisha kufa zamani."

"Basi Kalunga na mashine yake wamekuokoa. Nitaandika kwamba sauti yako imechukuliwa bila wewe kujua, na nitakusomea kabla hujatia kidole. Sasa nieleze, mgao ulikuwa unakwendaje?"

Antoinette alivuta pumzi ya mtu aliyetuliwa mzigo kichwani. Akaanza kueleza, na mikono ikasema zaidi ya mdomo. Kila mtaa ulikuwa na vikundi. Watu wakisikia tangazo wanamletea mkuu wa kikundi kadi zao. Mkuu anazifunga kwa kamba, familia ya mtu mmoja juu, ya watu wawili chini yake, hivyo hivyo mpaka zile kubwa, kwa sababu ndivyo zilivyokuwa zikiitwa. Anatangulia, analala kwenye foleni, na kesho yake anachukua chakula cha wote.

"Watu wenyewe hawafiki?" Nurudini akauliza.

"Bafike kufanya nini? Mkuu amefika." Alitabasamu kidogo. "Wale ba Nkunzimana nawakumbuka. Kikundi chao hakikugombana hata siku moja. Bakakaa pamoja mpaka kule kwenye uraia wao."

Aliwafungia mandazi kwenye karatasi na kukataa kulipwa. Bazilio alikula yake yote kabla hawajafika Makere.

---

Asubuhi Nurudini alimwomba OCD jambo moja: aje naye kitongojini, asivae kofia, na asiseme chochote mpaka aambiwe. OCD alikuja kwa sababu hakuwahi kuombwa hivyo.

Gari lilisimamishwa nyuma ya migomba, lisionekane. Nurudini aliunganisha spika na kucheza yale maneno ya mwanzo tu, bila vinanda. *Wapendwa, asubuhi njema. Kadi mkononi. Kikundi kwa kikundi, mkuu atangulie. Anayechelewa asilalamike.* Kisha akazima.

Mlango ukafunguliwa, na mwingine. Watu walitoka bila haraka wala mshangao, mwanamke mmoja akiwa na mfuko mtupu uliokunjwa kwapani, na bila shaka hata yeye hakujua ameuchukua saa ngapi. Hawakuulizana neno. Wakakaa chini kwenye kiwanja kwa mistari, wazee wanaoishi peke yao mbele, wenye watoto wengi nyuma, kama wanafunzi wanaokijua kila mmoja kiti chake. Epifania naye alitoka, akasimama pembeni, kadi yake mkononi.

Mbele ya mstari wa kwanza pakabaki nafasi ya mtu mmoja. Hakuna aliyeikalia.

OCD alisahau kwamba alikatazwa kusema. Alitoka migombani, akamwinamia mzee Niyonkuru.

"Mzee, mnasubiri nini?"

"Mkuu."

"Mkuu gani?"

"Yuko kwenu, bwana mkubwa," Niyonkuru alisema. "Mlimkamata."

OCD aliweka mikono nyuma, akaitazama ile nafasi. Mazoea yana taabu, aliwahi kuwafundisha askari wake hivyo, akiwa na maana ya pombe na kuchelewa kazini. Hatimaye alipuliza pumzi kupitia mdomoni, na Nurudini, aliyemfahamu vizuri, akajua kwamba Nkunzimana atalala nyumbani usiku huo.

"Hakuna aliyenunua," OCD alisema. "Hakuna aliyeuza. Hawa walituma mtu akawachukulie kura."

"Ndivyo nitakavyoandika, afande."

"Andika vizuri. Andika hata hao wakubwa wanaouliza uraia waelewe."

Mwendesha mashtaka alisoma jalada kabla ya chakula cha mchana na kulirudisha likiwa na mstari mmoja wa kumwachia mtuhumiwa kwa onyo. Nurudini mwenyewe alikwenda kufungua mahabusu na kumrudishia Nkunzimana mkanda wake.

"Ungetaja kambi tu," alimwambia. "Ungelala nyumbani tangu jana."

Nkunzimana alihangaika na kifungo cha mkanda. "Siku ya kutupatia karatasi za uraia walituambia sasa nyinyi ni raia, mambo ya kambi yamekwisha. Nikawaza nikitaja kambi watasema, kumbe huyu bado."

OCD alikuwa amesimama mlangoni. "Uraia wa mtu haupotei kwa kutaja alikopita," alisema. "Nenda kalime."

Nkunzimana akalia. Alilia wazi, bila kujifuta, na Sajini Bazilio akaona kwamba ana shughuli muhimu sana nje.

Alasiri hiyo msimamizi wa uchaguzi alifika kitongojini na kadi zote, akamrudishia kila mtu ya kwake mkononi. Akaeleza kwamba kura haigawiwi na haichukuliwi na mkuu. Kila mtu anaingia mwenyewe kwenye kile kibanda, peke yake. Alibandika picha za wagombea wote wawili. Saady aliletwa kuomba radhi kwa sauti yake mwenyewe, ambayo haikumgeuza mtu, ila ilieleweka. Kisha mzee Niyonkuru akauliza yule mwenye ndevu atafanya nini kuhusu daraja. Saady akasema atauliza. Mtu wa Ngoma, aliyekuja kufurahia aibu ya mwenzake, akaulizwa hilo hilo, naye akasema atauliza. Watu wakacheka, na hayo yakawa mazungumzo yao ya kwanza ya siasa.

---

Siku ya kura Nurudini alipangwa kulinda shule ya kitongoji. Kulikuwa na baridi na ukungu wa mlimani, na foleni ilikuwa ndefu na yenye kelele, maana safari hii kila mtu alifika kwa miguu yake. Nkunzimana alikuwa katikati, mkewe nyuma yake. Foleni iliposogea, mkono wa Nkunzimana ulirudi nyuma wenyewe, kiganja juu.

"Lete nikutangulizie," alisema.

Epifania aliushusha ule mkono kwa kofi dogo, akageuka kwa Nurudini.

"Afande, uliniuliza kwa nini sikumpa kadi. Hata kambini sikumpa. Nilikuwa nakwenda mwenyewe kila mgao, jua, mvua. Huyu ukimpa unga auchukue, njiani anawaonea watu huruma. Nyumbani unafika nusu."

Nurudini alimkumbuka Bazilio na hekima yake ya kwenye migomba, akacheka mpaka ikabidi ageukie ukuta, maana askari akiwa zamu hatakiwi kucheka.

Aliingia Nkunzimana, akatoka. Akaingia Epifania, akakaa humo muda mrefu kuliko mumewe, akatoka ameinua kidole chenye wino mbali na kitenge chake.

"Umempa nani?" Nkunzimana akamuuliza.

"Yako si umerudishiwa?" Epifania alisema. "Sasa unaitaka na yangu?"

Akatangulia njia ya nyumbani, na mkuu wa kikundi akamfuata.